Kompyuta ya Magemu kwa Fedha Kidogo

Ndugu msomaji, huenda mwanao amekwisha kukujia na ombi ambalo wewe hukupata kumpelekea baba yako: ataka kompyuta ya kuchezea magemu. Usikasirike kwanza. Mashine hiyo hiyo itaandika barua na kupiga hesabu za mahindi. Lakini ikinunuliwa vibaya, fedha za mbuzi wawili huteketea kwa dakika moja. Nasema hivyo kwa kuwa nimeyaona.

Mtoto wa dada yangu hapa Holili alidunduliza fedha za vibarua vya kupakua mizigo mpakani. Zilipotosha, akaenda mjini akanunua kwanza kadi ya picha, kubwa, yenye feni mbili, maana ndiyo iliyomvutia macho. Akaitia katika kompyuta kuukuu ya ofisini. Kadi ile ilidai waya wake wa umeme, na pawa saplai ya mashine haikuwa nao. Muuzaji akampa kiungo cha bei rahisi, akasema, "Itafanya kazi tu." Ilifanya kazi siku tatu. Jumamosi jioni tukasikia mlio mdogo, kisha harufu ya kuungua. "Mjomba, imekufa," akaniambia, wala hakula usiku ule.

Alianzia mwisho. Mwenye fedha kidogo yampasa kuanza na pawa saplai, kwani ndiyo inayolisha viungo vyote. Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ni za bei nafuu na imara, lakini nyingi zina pawa saplai ndogo, nyingine wati 180, nyingine 240. Tena plagi zake mara nyingi ni za namna ya pekee, hata kuibadili ni taabu. Soma kibandiko chake kabla ya kutoa fedha.

Sasa, tundu la mazabodi linaloshika kadi huweza kutoa wati 75. Basi tafuta kadi inayotosheka na hizo. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zenye kumbukumbu ya GB 4, zapatikana za namna hiyo. Ila angalia, maana viwanda vingine huzitoa kwa majina hayo hayo na kuziongezea tundu la waya. Sanduku likiwa jembamba, pima: huingia kadi ya kimo kifupi tu. Kwa gemu kama GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, kadi hizi zatosha. Magemu mapya mazito zitayashindwa.

Wako pia wadanganyifu. Huchukua kadi za zamani wakabadili programu yake ya ndani, zikajitangaza kuwa 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzifichua. Itie katika flashi uende nayo dukani; muuzaji mwaminifu hatakuzuia.

Kwa prosesa, jua kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel hudai kizazi cha nane kwenda juu. Core i5-8500 yafaa. RAM, chukua mbili za GB 8 kuliko moja ya GB 16, kwa sababu mbili husomwa pamoja. Diski iwe SSD.

Taveta ni jirani, na wengine huagiza Nairobi. Si vibaya, ila pita forodhani upate karatasi. Kitu kilichopita njia za panya, kikiharibika utamrudishia nani?

Huku kwetu liko na vumbi, la barabara na la pozolana, nalo huziba feni mashine ikapata joto. Izime, ichomoe ukutani, uifungue nje kila mwezi, uipanguse kwa brashi laini ya rangi. Umeme nao hupanda na kushuka, basi weka stabilaiza.

Utauliza: je, LUKU? Mashine ya namna hii ikila wati 200, saa tano ni yuniti moja. Yule mpwa wangu alipata nyingine baada ya miezi minane, safari hii akaanza na kibandiko. Dada yangu alimpa sharti moja, naye sasa hununua yuniti zake mwenyewe.