Mahitaji ya Mfumo katika Usakinishaji wa Maktaba ya fastText kwa Uchakataji wa Kiswahili

Mwaka 2018 watafiti wa Facebook walitoa vekta za maneno za lugha 157, Kiswahili kikiwamo, zilizoundwa kwa fastText. Vekta hizo hupatikana bila malipo. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kuzitumia kupitia maktaba hiyo ya Python hukabiliwa na sharti ambalo husahaulika kwa urahisi wakati bajeti ya mradi inapoandaliwa.

fastText imeandikwa kwa lugha ya C++, na toleo lake la 0.9.2 katika hazina ya PyPI lilitolewa kama msimbo chanzo pekee. Kwa hiyo kompyuta ya mtumiaji yenyewe haina budi kuwa na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo huo kuwa maagizo ya mashine, pamoja na faili za vichwa za Python. Katika Ubuntu, vifurushi vya build-essential na python3-dev hukidhi haja hiyo. Katika Windows hulazimu kusakinisha Microsoft C++ Build Tools, mzigo wa gigabaiti kadhaa. Zaidi ya gharama ya data, usakinishaji huo huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo, ambayo mwanafunzi wa uzamili katika maabara ya chuo kwa kawaida hana.

NumPy nayo ina sehemu za C, lakini husambazwa ikiwa imekwisha kukusanywa, katika faili zenye kiambishi .whl. Jina la faili hutaja toleo la Python, mfumo endeshi na aina ya kichakataji. Kwa mfano, cp311 na manylinux2014_x86_64 humaanisha Python 3.11 kwenye Linux ya biti 64 yenye glibc 2.17 au mpya zaidi. Kimojawapo kisipolingana, pip hurudia msimbo chanzo na kulalamikia ukosefu wa kompaila. Mtumiaji hudhani maktaba ni mbovu, ilhali huenda Python yake ni mpya mno tu.

Kwa taasisi, njia nafuu ni kukusanya mara moja kwa amri ya pip wheel, kisha kusambaza faili hizo kwa diski mweko na kuzisakinisha bila intaneti kwa chaguo za --no-index na --find-links. Kompyuta zote sharti zilingane kwa toleo la Python na kichakataji. Kwa zile za Linux, kazi hiyo ifanywe kwenye mashine yenye glibc kongwe kuliko zote maabarani, kwa kuwa faili iliyokusanywa kwenye mfumo mpya inaweza kukataa kufanya kazi kwenye ule wa zamani.