Mji Mkongwe wa Pearland na Treni Isiyosimama

Mji mkongwe wa Pearland, jimboni Texas, uko pale barabara ya Broadway inapokatana na Main, kando ya reli, kilomita 25 hivi kusini mwa katikati ya Houston. Reli ndiyo iliyouzaa. Mwaka 1882 palikuwa na njia ya kupishania treni tu, mali ya kampuni ya Gulf, Colorado and Santa Fe. Mwaka 1894 Witold von Zychlinski, mhamiaji kutoka Poland, alianzisha mji uliopewa jina la mipea iliyostawi hapo. Kimbunga cha 1900 kikaiangusha mipea, mji ukabaki.

Wingi wa watu uliletwa na magari. Mwaka 1960 wakazi walikuwa 1,497. Mwaka 2020 walifika 125,828. Ila wengi walijenga magharibi, karibu na barabara kuu ya 288, na mwaka 2008 maduka makubwa ya Pearland Town Center yakafunguliwa hukohuko, kilomita kama 10 kutoka mji mkongwe. Treni za mizigo bado zinapita Main. Ya abiria haipo.

Kufufua eneo kama hili kwa usafiri wa umma kunategemea zaidi ardhi kuliko treni yenyewe. Abiria wa kawaida hukubali kutembea dakika 10, yaani mita 800 kutoka kituoni. Duara hilo lina hekta 200 hivi, na matumizi yake ndiyo yanayoamua kila kitu. Gari moja lililoegeshwa, pamoja na njia ya kugeuzia, huchukua takriban mita za mraba 30. Duka la mita za mraba 100 likilazimishwa kutenga nafasi 5 za magari, maegesho yatalipita duka lenyewe kwa ukubwa. Barabara nzima ikijengwa hivyo, mwenda kwa miguu atapita kwenye lami tupu juani, na Texas jua halina huruma.

Mfano mzuri uko Plano, karibu na Dallas. Treni ya mjini ya DART ilifika katikati ya Plano Desemba 2002, lakini halmashauri haikuisubiri. Ilitafuta ardhi mapema, na mwaka 2001 majengo ya Eastside Village yalikuwa tayari: fleti zaidi ya 200, maduka chini yake, na maegesho yamefichwa ndani ya jengo badala ya kutandazwa mbele. Treni ilipofika iliwakuta watu.

Kituo kikiwa mbali na mji, faida hiyo hupotea. Kwa mfano, stesheni ya reli ya kisasa (SGR) ya Mombasa, Kenya, iliyofunguliwa 2017, iko Miritini, nje ya kisiwa. Anayeshuka hapo hupanda chombo kingine kabla hajaona duka la mjini.

Kikwazo cha Pearland ni fedha, na ni kikwazo kizito. METRO, shirika la usafiri wa umma la Houston, huendeshwa zaidi kwa senti moja ya kodi ya mauzo katika kila dola, na Pearland si mwanachama. Sheria ya Texas inaruhusu mamlaka zote za mitaa kutoza jumla ya senti 2 tu, nazo Pearland imekwisha kuzitumia zote. Ikitaka kujiunga, lazima iondoe fungu lililo na kazi nyingine.

Hata hivyo halmashauri haihitaji METRO ili kupunguza masharti ya maegesho, kuruhusu nyumba juu ya maduka, kujenga njia za miguu zenye kivuli na kuhifadhi kiwanja cha stesheni kando ya reli. Basi la kwenda Fannin South, mwisho wa treni ya mjini ya Houston iliyoanza 2004, lingegharimu kidogo sana kuliko reli mpya. Hatua hizo zichukuliwe sasa, kwa kuwa kiwanja kikishajengwa ghala au maegesho, kukirudisha ni ghali.