Mkono wa kunyanyulia magogo kwenye tela

Misitu ya Nachingwea na Ruangwa ina miti mizito. Mninga, mkongo, mtondoro na mpingo huota humo, na kila mmoja una uzito wake. Mpingo ndio mzito kuliko yote. Kipande chake cha kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 1.2 hufikia kilo 70 na zaidi, na ukikitupa mtoni kinazama. Lakini mpingo hukatwa vipande vifupi, na watu wawili wenye nguvu wanaweza kukiinua kipande hicho. Kazi iko kwenye mninga na mkongo. Gogo bichi la mninga lenye kipenyo cha sentimita 45 na urefu wa mita 2 na nusu lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.4, na uzito wake unakaribia kilo 400. La mkongo lenye urefu huohuo na kipenyo cha sentimita 60 linapita kilo 700.

Kwa sababu ya uzito huo, kwa miaka mingi mbao zimepasuliwa palepale mti ulipoangukia, ama kwa msumeno wa watu wawili juu ya jukwaa, ama kwa msumeno wa mnyororo. Msumeno wa mnyororo unakula milimita 8 hadi 10 za mti kila unapopita, ilhali mashine yenye msumeno wa utepe inakula 2 au 3 tu. Katika gogo la sentimita 45 linalopasuliwa mbao za inchi 1, tofauti hiyo ni mbao mbili au tatu zinazobaki porini kama unga. Mti umekua makumi ya miaka, na kijiji kinachouza gogo kinapoteza fedha yake hapo chini ya jukwaa. Kuanzia 2018, mradi wa FORVAC uliofadhiliwa na Finland ulifanya kazi na vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale ili misitu ya vijiji iwape wenyewe kipato. Kipato hicho kinategemea sana jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha: nani atalitoa gogo chini na kulipandisha juu ya tela ili lifike kwenye mashine, na kwa njia gani.

Kreni ya kukodi ni ghali, na barabara za kuelekea Kilimarondo au Mbekenyera hazimwiti mwenye kreni. Trekta na tela vipo, kwa sababu ya korosho na mashamba. Ndiyo maana mafundi wengi wanafikiria kuchomelea nguzo kwenye tela, kuiwekea mkono wa chuma unaozunguka, winchi na kapi. Wazo ni zuri, nami naliunga mkono. Ila mafundi wengi huanza kwa kuuliza winchi ina nguvu kiasi gani, na hilo ndilo swali la mwisho. La kwanza ni je, tela litabaki limesimama?

Chukua tela la tani chache, tupu, lenye uzito wa kilo 700, magurudumu yake yakiwa na nafasi ya mita 1 na nusu kati ya la kushoto na la kulia. Nguzo iko katikati ya upana, na mkono unafika mita 2 nje kwa upande. Gogo la kilo 400 linaning'inia kwenye ncha. Tela likitaka kupinduka litapindukia kwenye mstari wa magurudumu yaliyo upande wa gogo. Kutoka mstari huo hadi gogo ni mita 1.25, kwa hiyo nguvu ya kupindua ni 400 mara 1.25, yaani kilo-mita 500. Uzito wa tela lenyewe unaovuta kurudi uko sentimita 75 ndani ya mstari: 700 mara 0.75, sawa na kilo-mita 525. Kwenye karatasi tela limeponea. Lakini bado hujahesabu uzito wa mkono wenyewe, wala tairi inayobonyea, wala mchanga. Tela likiinama nyuzi 5 tu, ncha ya mkono iliyo juu mita 2 na nusu inasogea nje sentimita 22. Sasa gogo liko mita 1.47 kutoka kwenye mstari, na nguvu ya kupindua ni kilo-mita 588. Tela linakwenda, na likishaanza kwenda kila nyuzi moja inaliongezea kasi.

Kuna wanaosema trekta litalizuia. Trekta linazuia tela lisisogee mbele wala nyuma. Kwa upande halisaidii kitu, kwa sababu pini ya kuvutia imetengenezwa ili tela liweze kuinama peke yake kwenye njia mbovu.

Dawa yake ni mguu wa kuegemea. Ni bomba la chuma linalochomoka kwa upande hadi mita 1 na nusu kutoka katikati ya tela, na kwenye ncha yake jeki inayoshuka hadi ardhini. Mstari wa kupindukia unahamia hapo. Gogo sasa liko nusu mita tu nje ya mstari, nguvu ya kupindua inashuka hadi kilo-mita 200, na uzito wa tela unaopinga unapanda hadi 1,050. Kwa kipande kimoja cha bomba umetoka kwenye hatari na kupata akiba ya mara tano. Sijui kazi nyingine katika karakana inayolipa hivyo kwa chuma kidogo namna hiyo.

Mguu huo unabeba mzigo mkubwa kuliko gogo lenyewe. Kwa vipimo vyetu, ukiacha gurudumu la upande wa gogo likawa jepesi kabisa, jeki inapokea karibu kilo 720. Ardhi ya kichanga ya kusini haiwezi kubeba hilo kwenye kisigino cha jeki chenye upana wa kiganja. Weka ubao mgumu wa mraba, sentimita 40 kwa 40, unene usiopungua sentimita 5, na uusafishie mahali pa kukaa kwanza. Msimu wa mvua tumia mbao mbili zilizopishana. Mguu uwe na pini ya kuufunga ukiwa nje na pini ya kuufunga ukiwa ndani, maana mguu unaochomoka wenyewe barabarani ni hatari kwa mpita njia.

Hatari ya kupinduka ni kubwa zaidi kwa gogo la kwanza, tela likiwa tupu. Gogo la tatu likipanda, tela tayari lina uzito wa kutosha kujishikilia. Watu huanza na gogo kubwa kwa sababu bado wana nguvu. Kwa tela lenye mkono, anza na dogo, ulilaze upande wa pili wa tela, mbali na unakonyanyulia.

Sasa nguzo. Shika ndoo ya maji ya lita 20 ikiwa karibu na kifua, kisha uishike mkono ukiwa umenyooka mbele: maji ni yaleyale, bega ndilo linalolalamika. Bega la mashine hii ni pale nguzo inapoingia kwenye tela. Kilo 400 kwenye umbali wa mita 2 ni kilo-mita 800, na zote zinaishia hapo. Mzigo ukiwekwa ghafla, au ukishuka kidogo na kudakwa na winchi, nguvu hiyo inaweza kufika mara mbili.

Bomba la inchi 4, lenye milimita 114 kwa nje na unene wa milimita 5, linavutia kwa sababu linapatikana na ni jepesi. Kwa mzigo huu linakaribia mwisho wa uwezo wake mara tu gogo likitikisika. Bomba la inchi 6, milimita 168 kwa nje na unene uleule, lina uwezo wa kupinga kupinda unaozidi wa lile mara mbili na robo, huku uzito wake ukiongezeka kwa nusu tu, kutoka kilo 13.5 hadi kilo 20 kwa mita. Tafuta la inchi 6. Kikosekana, punguza urefu wa mkono. Usijifariji kwa kuongeza rangi na vipande vya bati pembeni.

Usilichomelee bomba hilo moja kwa moja juu ya sakafu ya tela. Sakafu ni bati. Lishushe lipite hadi kwenye chaneli mbili za chasisi, na lishikwe sehemu mbili, chini na juu. Umbali kati ya sehemu hizo ndio unaoamua kila kitu: kwa sentimita 30, kila mshiko unasukumwa kwa nguvu ya kilo 2,670, kwa sentimita 60, nusu yake. Kama unataka nguzo izunguke, iweke ndani ya bomba kubwa zaidi lililochomelewa kwenye chasisi, lenye urefu wa sentimita 60 au zaidi, na upake grisi. Wengine hutumia habu ya gurudumu la mbele la lori pamoja na beringi zake. Hiyo pia ni njia nzuri, kwa sababu habu imeumbwa kuvumilia kusukumwa kwa upande, mradi beringi ziwe nzima na nati ikazwe sawasawa.

Kuhusu kuchomelea nitasema machache. Mishono yote inayobeba mzigo ipigwe zaidi ya mara moja, na uchafu wa kila tabaka uondolewe kabla ya linalofuata. Vijiti vya 7018 vinashika vizuri kuliko vya 6013 kwenye chuma kinene, ila vikipata unyevu vinaharibu kazi. Na kuna kosa moja linalofanywa na mafundi wazuri kabisa: kutengeneza ndoano au koleo la kushikia gogo kutokana na majani ya springi za gari. Chuma hicho ni kigumu, na ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza na kukiacha kipoe taratibu, kinakuwa kama kigae pembeni ya mshono. Hakipindi kukuonya, kinakatika tu. Nunua ndoano iliyoandikwa uwezo wake, au funga gogo kwa mnyororo.

Winchi ya mkono iwe na breki inayoshika yenyewe ukiachia mpini. Winchi nyingi zinazouzwa ni za kuvutia boti au gari, zina jino la kuzuia tu, na ukilifungua ili kushusha mzigo, mpini unazunguka wenyewe na kuvunja mkono. Winchi ya umeme ya kwenye bampa nayo ni ya kuvuta, haikutengenezwa kuning'iniza kitu hewani. Ukitumia kapi linalotembea pamoja na ndoano, winchi inavuta kilo 200 badala ya 400, na kamba inakuwa ndefu mara mbili. Waya wa milimita 8 unakatika kwenye takribani tani 3 na nusu, na kwa kugawa kwa tano unapata kilo 700 za kufanyia kazi. Acha mizunguko mitano ibaki kwenye ngoma siku zote. Funga kitanzi cha waya kwa vibano vitatu, na upande wa kibano wenye tandiko ukae kwenye waya unaobeba mzigo.

Gogo la mkongo la kilo 700 usilinyanyue kwa mkono huu. Liviringishe. Weka miti miwili iliyonyooka ya mita 2 na nusu kutoka ardhini hadi ukingo wa tela ulio kwenye kimo cha sentimita 80. Funga kamba mbili kwenye tela, zipitishe chini ya gogo na kuzirudisha juu yake hadi upande wa pili. Mteremko unachukua theluthi mbili ya uzito, na kamba iliyozunguka gogo inapunguza nusu ya kinachobaki, hivyo kilo 700 zinavutwa kwa takribani 115, ukiongeza msuguano kidogo. Watu wanne wanatosha, nao wasimame ng'ambo ya tela. Chini ya gogo asisimame mtu, hata kijana mwepesi aliyejitolea kuweka kigingi. Kigingi kiwekwe kwa mti mrefu.

Kabla ya kupakia, gogo liwe limegongwa nyundo ya alama na karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ziwe mkononi, pamoja na hati ya kusafirishia. Panga kupakia mapema, kabla jioni haijakaribia, maana kuharakisha kupakia jioni ndiko kunakowafanya watu waache kutoa mguu wa kuegemea.

Siku ya kujaribu, paka chokaa nyepesi kwenye viungo vyote vilivyochomelewa, iache ikauke. Chukua mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa maji, ambayo pamoja na chuma chake yanapita kidogo kilo 430, na ongeza mifuko ya mchanga hadi kilo 500. Jaribio la robo zaidi ya mzigo wa kazi linatosha. Nyanyua sentimita 10 tu juu ya ardhi na uache kwa dakika 10 huku watu wakiwa mbali. Zungusha mkono taratibu, bila kuvuka kwenda upande usio na mguu wa kuegemea. Kisha shusha na ukague chokaa: palipo na ufa, chokaa itakuwa imepasuka kwa mstari. Pima pia kama nguzo imerudi wima kwa timazi. Ikibaki imeinama hata kidogo, chuma kimeshapita kikomo chake, na hakuna kuinyoosha kwa nyundo.

Ikipita, andika kwenye nguzo kwa rangi nyeupe: mita 2, kilo 400. Kwenye mita 1 hesabu ya nguzo inaruhusu kilo 800, lakini waya bila kapi linalotembea unaishia 700 na ndoano huenda chini ya hapo, na kwa hiyo usiandike 800. Andika kilo 400 kwa urefu wote wa mkono.