Dhiki, Saburi na Chungu cha Mfinyanzi

Somo letu la leo ni Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 5.

Katika miaka ya kwanza ya utumishi wetu tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Tulifika, tukaketi, tukafungua sura hiyo na kumweleza kwamba dhiki huzaa saburi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Mchungaji, basi Mungu amemchukua mtoto wangu ili mimi nijifunze kusubiri?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba upesi, tukaaga. Ilitupasa kuyasoma upya maneno tuliyodhani twayajua.

Tuziangalie hatua tatu kati ya zile anazozitaja Paulo. Ya kwanza ni dhiki. Neno hili Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni wembamba, yaani mahali panapobana. Neno la Kiyunani alilotumia Paulo lakaribiana nalo: ni kugandamizwa, kama vile ufuta unavyogandamizwa kinuni. Paulo hasemi kwamba kubanwa ni kutamu. Aliyebanwa ana ruhusa ya kulia, na Zaburi nyingi ni vilio vya namna hiyo.

Hatua ya pili ni saburi. Wengi wetu hudhani saburi ni kunyamaza. Kwa Kiyunani ni kukaa chini ya mzigo bila kuukimbia. Mwenye saburi aweza kulia, aweza hata kumwuliza Mungu maswali, lakini hakimbii.

Hatua ya tatu ni uthabiti wa moyo, yaani hali ya kitu kilichojaribiwa kikaonekana ni cha kweli. Chungu hakifai kutiwa maji mpaka kipite motoni. Lakini kila mfinyanzi ajua kwamba moto huohuo hupasua vyungu vingine. Nasi twawajua watu waliotoka katika taabu wakiwa na uchungu na chuki. Kwa hiyo dhiki peke yake haimkuzi mtu. Paulo aanza na amani tuliyo nayo kwa Mungu, tena amalizia na upendo wa Mungu ambao Roho Mtakatifu hututilia moyoni. Dhiki imewekwa katikati ya hayo mawili. Ukiiondoa hapo, yabaki maumivu tu.

Tena angalieni jambo hili. Paulo asema "sisi." Anena juu ya dhiki aliyoionja mwenyewe. Lakini juu ya msiba wa mwenzetu, sura ya 12 yatuagiza tulie pamoja na wanaolia. Hapo ndipo tulipokosea. Tulimpa mfiwa somo kabla ya kumpa machozi.

Mkumbukeni Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosine alifariki, na baada ya siku chache kitoto chao kichanga nacho kikafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Hata hivyo aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile lilikuwa dalili ya kazi iliyoanza. Neno hilo aliweza kulisema yeye, kwa kuwa kaburi lilikuwa la mkewe. Alibaki, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafanya kazi huko Rabai. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hatusemi kwamba Rosine alikufa ili kamusi ipatikane. Twasema kwamba Mungu hakumwacha mjane yule, naye hakuiacha kazi.

Je, wewe msikilizaji umebanwa leo? Mwambie Mungu ukweli wote, bila kuupamba. Usijitenge na ndugu. Fanya kazi ndogo iliyo mbele yako leo, na ya kesho uiache kesho. Na kama aliyebanwa ni jirani yako, nenda ukakae naye, wala usiwe mwepesi wa kueleza.

Mama yule tulimrudia, tukamwomba radhi, tukalia naye. Miaka mingi imepita. Siku hizi kukiwa na msiba katika mtaa wake, yeye ndiye wa kwanza kufika, na birika la chai mkononi. Huketi karibu na mfiwa, asiseme mengi. Hajatuambia hata mara moja kwamba kifo cha mwanawe kilikuwa na faida, nasi hatumwulizi.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyelia kaburini pa Lazaro, uwashike wote waliobanwa usiku huu. Utufundishe kukaa nao. Amina.