Rafu ya Redio Kubwa: Mbao Zimetoka Wapi?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo vijana wengi wanatuuliza: tutapata wapi vifaa vya kutengenezea rafu ya mitambo ya muziki hapa Juba?

Swali ni zuri. Katika nyumba nyingi amplifaya inakaa sakafuni, DVD iko juu ya jerikeni na spika ziko pembeni ya godoro. Mvua ikinyesha, maji yanapita chini ya mlango. Mbuzi wa jirani akiingia anavuta waya, basi kila kitu kinaanguka. Na mitambo hii si ya kucheza muziki tu. Kwa redio hiyo hiyo tunasikiliza habari kwenye Radio Miraya, iliyoanza mwaka 2006, na kwa spika hizo hizo kwaya zetu zinafanya mazoezi. Ikiharibika, kununua nyingine si mchezo.

Vifaa vipo, jamani. Lakini kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza: kitu hiki kimetoka wapi? Mwisho wa makala hii mtaona kwa nini tunalitilia mkazo jambo hili.

PIMA KWANZA

Usiende sokoni bila vipimo. Amplifaya na deki nyingi za nyumbani zina upana wa karibu sentimita 43. Zile za ukumbini, zenye masikio ya kufungia skrubu pande zote mbili, zina upana wa inchi 19, yaani sentimita 48 na kidogo. Kwa hiyo rafu yenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40 inatosha kwa mitambo mingi. Pima pia nyuma, kwa sababu waya na plagi zinahitaji nafasi.

Rafu tatu, miguu minne yenye urefu wa sentimita 90. Huo ndio mpango wetu.

PALETI NI MALI

Paleti ni yale matandiko ya mbao yanayowekwa chini ya mizigo ghalani na kwenye malori. Juba inapokea mizigo mingi sana kutoka nje, ndiyo maana paleti kuukuu hazikosekani. Mbao zake ni nyembamba lakini zina nguvu.

Hesabu iko hivi. Ubao wa paleti wenye urefu wa sentimita 120 unatoa vipande viwili vya sentimita 50. Kila rafu inahitaji vipande vinne vyenye upana wa sentimita 9 hivi, vikiachana kidogo ili hewa ipite. Rafu tatu ni vipande 12, yaani mbao sita. Mbao mbili nyingine zinatoa vipande sita vya sentimita 40, vya kushikilia rafu kwa chini. Ubao wa tisa unapigiliwa mshazari kwa nyuma ili rafu isiyumbe. Msiudharau huo wa tisa! Bila huo, rafu inacheza kama mlevi.

Sasa angalia mhuri. Paleti zilizosafiri kutoka nchi moja kwenda nyingine huwa na alama ya suke la ngano na herufi IPPC. Karibu na hapo utaona herufi mbili. HT maana yake mbao zilipashwa moto mpaka ndani zikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Hizo ni salama. MB maana yake zilitiwa gesi yenye sumu. Hizo ziacheni, na msizitumie hata kama kuni za kupikia. Paleti yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa nayo iacheni, hata ukipewa bure.

Jambo lingine: paleti ya ghala ina mwenyewe. Nenda kwa msimamizi, omba au nunua, chukua karatasi. Usinunue kwa mtu anayekuita gizani nyuma ya ukuta.

MIGUU

Miguu inataka mbao nene za inchi mbili kwa mbili. Wauza mbao wako kwenye masoko makubwa ya mjini, kama Konyo Konyo, Custom na Jebel. Ubao wa futi 12 ni kama sentimita 366, kwa hiyo ubao mmoja ulionyooka unatoa miguu yote minne ya sentimita 90, na msumeno unabakiwa na chake.

Mbao nyingi laini zinakuja kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, ile ya kilomita 192 iliyomalizika kuwekwa lami mwaka 2012. Hizo ni rahisi kukata lakini mchwa wanazipenda. Mtiki ni mgumu zaidi na mchwa wanauogopa. Misitu ya mtiki ilipandwa Equatoria tangu zamani za Waingereza, upande wa Yei na Loka. Ni mzuri, ila bei yake ni ya juu, na watu wengi hukata bila ruhusa. Ukinunua mtiki, omba risiti. Ukisimamishwa njiani na mbao usizoweza kuzieleza, matatizo ni yako, siyo ya aliyekuuzia.

Kama umenunua mbao laini, simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye majivu makavu, na kagua kila wiki. Ukiona njia ya udongo inapanda, ifute siku hiyo hiyo.

CHUMA: HAPA TUSIKILIZANE

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea fremu ya bomba za mraba, nayo itadumu. Lakini kuna vijana wanaotaka kuokota chuma chakavu wenyewe porini na kwenye majengo yaliyoachwa. Wazazi, tunawaomba mkae na watoto wenu mzungumze juu ya hili leo.

Nchi hii imepita kwenye vita vya miaka mingi, na mabaki ya vita bado yako ardhini. Hapa Juba, mwezi wa Februari 2005, ghala la silaha lililipuka, watu wakafa na mabomu yakatawanyika mpaka kwenye makazi. Bomu lililolala miaka 20 halijafa. Linaweza kuonekana kama bomba tu, au kopo, au kipande kizuri cha kufanya mguu wa rafu.

Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikipige jiwe, usikibebe kumwonyesha fundi. Rudi kwa njia uliyojia, waonye wengine, mwambie mwenyekiti wa bloku au polisi ili wategua mabomu waitwe. Kibao chekundu chenye fuvu usikivuke hata kama kuna mali ng'ambo. Chuma cha kununua dukani ni ghali, lakini mkono hauuzwi sokoni.

VISIVYOGUSWA

Nguzo za nyumba uliyopewa si mbao za rafu. Turubai si kifuniko cha spika. Kuna nyumba zinalegea taratibu kwa sababu kila mwezi nguzo moja inatolewa, na upepo wa kwanza wa masika ndio unaotoa hukumu.

Miti ya wenyeji nayo iacheni. Kijana akikata mti wa watu usiku kwa ajili ya rafu yake, asubuhi anayekutana na hasira yao ni mama yake au dada yake akienda kutafuta kuni. Hilo tulifikirie sana.

VITU VIDOGO VYA BURE

Kandambili zilizokatika zina kazi. Kata vipande vinne, weka chini ya DVD: mtikisiko wa spika hautaifikia sana, na diski haitarukaruka. Mpira wa ndani wa tairi unafaa kufunga waya pamoja. Misumari iliyotoka kwenye paleti inyoosheni, mtaitumia tena. Msasa kidogo unaondoa vibanzi visiwachome watoto.

JOTO NA MOTO

Amplifaya ikae rafu ya juu kabisa, kwa sababu joto linapanda na halitachoma vyombo vingine. Acha sentimita 10 wazi juu yake. Akina mama, vile vitambaa vyenu vya kufuma ni vizuri sana na vinazuia vumbi, lakini viondoeni kabla ya kuwasha. Amplifaya iliyofunikwa haipumui.

Betri ya gari au ya sola isifungiwe ndani ya kabati. Ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kushika moto. Iwe chini, mahali pa wazi penye hewa, mbali na kitanda na mbali na jiko. Wanaoishi kwenye tukuli za nyasi wanajua cheche moja inaweza kufanya nini kwa mtaa mzima.

Basi, ndugu zetu, rafu nzuri ni ile ambayo mgeni akiuliza mbao zimetoka wapi, baba au mama mwenye nyumba anajibu mbele ya watoto bila kushusha sauti. Tunawatakia kazi njema. Na jioni mkishawasha, punguzeni sauti kidogo. Jirani ana mtoto mchanga.