Kalamu za Kigali: Wasee Wanaoandika Ngoma Zinazotubamba

Maze, tuanze na ukweli. Ngoma za Kigali zimeteka hii East yote, na hakuna msee amelazimishwa kuzipenda. Meddy aliachia "Slowly" 2017, na 2021 akaangusha "My Vow", ngoma ambayo maharusi kibao wameingia nayo ukumbini. Januari 2022 The Ben akashikana na Diamond Platnumz wakatoa "Why". Bruce Melodie naye usiseme. Sura zao tunazijua na luku zao tunazikopi. Lakini uliza mbogi yako nani alikaa chini akaandika hiyo mistari, uone venye kila mtu ananyamaza.

Leo tunabonga juu ya hao wa kalamu. Mi nadai hao ndio mastaa wa kwanza wa Kigali, na ni time tuwataje kwa majina.

Niyo Bosco, mkono nyuma ya sauti za wengine

Cheki huyu chali. Niyo Bosco haoni, anashika gitaa, na 2020 alitikisa Rwanda na "Ubigenza Ute", akiwa bado mdogo kabisa. Baadaye akatupatia "Seka" na "Piyapuresha". Hiyo peke yake ingetosha kumpa jina.

Sasa skiza kenye mafani wengi wa nje ya Rwanda hawajui. Mwaka huohuo wa 2020, madada wawili kutoka Musanze, Vestine na Dorcas, waliingia kwa injili na "Nahawe Ijambo". Walikuwa wasichana wadogo, hakuna mtu aliwajua, na ngoma ikawaka nchi nzima. Kalamu ilikuwa ya Bosco. Na haikuishia hapo, juu ngoma zao kadhaa za mwanzo zilipita mkononi mwake. Kufika Desemba 2022, hao madada walikuwa wanazindua albamu yao Camp Kigali.

Fikiria hiyo mboka. Wewe ni chali wa gitaa, unaimba maisha na watu venye wako, halafu unaambiwa uandikie wasichana wawili wimbo wa kanisa. Lazima uweke jina lako kando. Lazima ujue penye sauti moja inapumua na penye ya pili inajibu. Lazima maneno yatoshe mdomo wa mtoto wa shule na pia mdomo wa mama mzee wa kwaya. Bosco aliweza, na ngoma zikakaa kwa hao madada ni ka zilizaliwa nao.

Kabla yake kulikuwa na Danny Vumbi, mkongwe wa kundi la The Brothers, aliyewika pia peke yake na "Ni Danger". Wanamuziki wa Rwanda wanamheshimu kwa kuimba, na wanamheshimu zaidi kwa kuandikia wengine. Ukiskia watu wa studio wakitaja kalamu nzito za Kigali, jina lake halikosi.

Bruce Melodie na shule yake

Itahiwacu Bruce, huyo ndiye Bruce Melodie, ni msee wa melodi. Alibeba taji la Primus Guma Guma Super Star 2018, mashindano ambayo mshindi wake wa kwanza, 2011, alikuwa Tom Close. Novemba 2021 akasherehekea miaka 10 ya muziki kwa ile arena kubwa ya Kigali, ambayo sai inaitwa BK Arena na inabeba watu elfu kumi.

Halafu ikaja "Funga Macho". Kumbuka hii ilianza ka ngoma ya Kigali. Shaggy, yule mkongwe wa Jamaika, akaiskia, na Novemba 2023 ikatoka upya ikiitwa "When She's Around". Mwaka huohuo wakaipiga pamoja kwa shoo za Jingle Ball kule Marekani. Beti ziligeuka, lugha ikaongezeka, lakini ile koras ilivuka bahari na jina lake la Kiswahili. Koras iliyoandikwa fiti inashikika hata na msee asiyeelewa neno hata moja. Sisi Wakenya tulipata yetu pia: Bien wa Sauti Sol, ambaye naye ni kalamu kali, aliingia kwa "Iyo Foto".

Lakini Bruce hakufika hapo na kalamu moja. Juno Kizigenza alikuwa anaandikia Bruce kabla jina lake mwenyewe lijulikane. 2020 Bruce akamtambulisha kupitia lebo yake ya Igitangaza pamoja na Kenny Sol. Mwaka uliofuata Juno na Ariel Wayz wakaangusha "Away", na Kigali ikazima na kuwaka upya. Kenny Sol na Ariel Wayz wote wamepita ile shule ya muziki iliyoanza Nyundo, Rubavu, karibu na Ziwa Kivu, mwaka wa 2014. Kwa hivyo hizi kalamu hazikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliketi darasani wakasoma ala, sauti na utunzi.

Na usisahau maprodyuza. Element alianza kwa kuwatengenezea wengine biti, halafu akashika maiki mwenyewe. 2023 yeye, Ross Kana na Bruce walitoa "Fou de toi", koras ya Kifaransa ambayo hadi watoto wa Buruburu waliimba. Kwa studio nyingi za sai, biti ikishaingia msee anaimba sauti tupu, hakuna maneno, hadi melodi ikamate. Maneno yanafuata. Mwenye alileta hiyo melodi ameandika ngoma, hata ka hakushika karatasi.

Ukienda Kigali

Ukitua, panda moto, yaani boda ya huko, vaa helmeti unayopewa na dere, mwambie Nyamirambo. Shuka Biryogo, ile barabara iliyofungiwa magari, kaa nje na chai ya maziwa na brosheti. Hapo Kiswahili kinaongewa bila presha, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Skiza kenye kinapigwa. Usiku sogea Remera, upande wa Kisimenti, penye vijana wanatoka. Ukipenda ngoma, uliza hapohapo: "Nani aliandika?" Utashangaa venye stori zinafunguka.

Doh iko wapi?

Hapa ndio panauma. Ngoma ina haki mbili. Kuna haki ya ile rekodi yenyewe, na kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi. Mwenye aliimba anaweza kukosa ya pili, na mwenye aliandika anaweza kukosa zote ka hakujipanga. Rwanda ina sheria ya kulinda kazi za ubunifu, na kuna chama cha watunzi, RSAU, cha kuwakusanyia chao. Nai pia kuna vyama vya aina hiyo. Lakini sheria haisaidii msee ambaye jina lake halijaandikwa popote.

Kijana anauza wimbo mara moja, anapewa ganji ya kulipa keja mwezi mmoja, halafu ngoma inapigwa miaka kumi na yeye anaiskia tu kwa mat. Hiyo si haki. Ka unaandikia watu, kabla mtoke studio, andikeni asilimia za kila mmoja, wekeni tarehe, kila mtu asaini. Ka mko na haraka, tumianeni hata kwa meseji. Beshte wa kweli hatakasirika.

Na hii heshima si kitu kigeni Rwanda. Ikulu ya wafalme wa zamani ilikuwa na washairi wake, na mashairi yao yalikaririwa vizazi kwa vizazi pamoja na jina la mtunzi. Mapokeo yanamtaja Nyirarumaga, mama mlezi wa mfalme Ruganzu Ndoli, ka ndiye aliyeweka msingi wa ushairi huo. Karne zimepita, hakukuwa na redio wala simu, na jina la huyo mwanamke bado liko. Sisi tuko na intaneti mkononi na tunashindwa kuweka mstari mmoja chini ya video?

Kwa hivyo wasee, fanyeni hivi. Ukishare ngoma ya Kigali wikendi hii, mtaje mwandishi pamoja na msanii. Ka wewe ni msanii, weka jina lake kwa maelezo ya video kabla hujaweka ya mpiga picha. Na ka wewe ndiye kalamu, jiandikishe, saini, dai chako.