Uliza Kwanza, Ndipo Ulipe Karo



Hapa Nchelenge na Kashikishi makarani wetu wengi walianza kwa kupima samaki na kuandika daftari la stoo. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kawambwa walianza kwa kuhesabu kilo za majani. Sasa wengi wanataka kuwa wahasibu kamili. Jambo hilo ni jema. Lakini tumewaona waliouza nyavu, wakalipa karo yote, na mwisho wakapewa karatasi ya kuhudhuria tu. Tajiri hakuitambua.

Basi tukumbuke: shule hufundisha, lakini mtihani hutungwa na chama cha wahasibu. Kwa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, anayetaka kufanya kazi ya uhasibu Zambia hana budi kuwa mwanachama wa ZICA. Chama hicho kina mitihani yake. Wengine hufanya mitihani ya ACCA, chama kilichoanzishwa London mwaka 1904. Kabla ya kutoa hata kwacha moja, tuulize haya:

1. Kozi hii inatayarisha mtihani gani, na ngazi ipi? Majibu ya shule yasitoshe. Tukiulize chama chenyewe kama kinaitambua shule hiyo.

2. Mtihani utafanyiwa wapi? Kutoka hapa hadi Mansa ni zaidi ya kilomita 200, na Lusaka ni mbali zaidi. Nauli, malazi na siku za ruhusa kazini ni sehemu ya gharama.

3. Karo inalipia nini? Mara nyingi ni mafundisho tu. Ada ya kujiandikisha chamani, ada ya kila mwaka, ada ya kila somo na vitabu huwa mbali. Tuandikiwe yote, na tudai risiti.

4. Nani atasahihisha kazi zetu? Katika ACCA alama ya kufaulu ni 50 kwa 100, na haipatikani kwa kusikiliza tu. Kozi nzuri humpa mwanafunzi maswali ya mitihani iliyopita, humpima kwa saa, na humrudishia karatasi yenye maelezo ya makosa.

5. Je, ratiba inalingana na zamu zetu na mfuko wetu? Kila mwaka uvuvi hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, na fedha huadimika pwani yote ya Mweru. ACCA ina mitihani mwezi Machi. Ada yake hulipwa wakati ule ule wa njaa. Afadhali kuweka akiba mapema, au kungoja Juni.

Asiye na hakika aanze na somo moja. Akilifaulu, aongeze. Na wanaotaka mtihani mmoja wakutane, wagawane vitabu, waulizane maswali jioni baada ya kazi.

Elimu ni haki ya mfanyakazi. Jasho lake lisiliwe bure.